Tulishindwa na Pengwini

Kijiweni kwetu Kirumba, hatua chache kutoka Mwaloni, tuna mchezo wetu wa kila mwaka. Majina ya filamu zilizoteuliwa kuwania Oscar yakishatangazwa, tunakaa kwenye benchi la muuza kahawa, kila mtu anataja nani atashinda, na atakayekosea kuliko wote anawanunulia wenzake kahawa na kashata. Mimi nimeshanunua kashata nyingi. Siku hizi nikitaja filamu tu, washikaji wanaifuta hapo hapo.

Safari hii nikawawekea mtego. Niliandika kwenye karatasi filamu tano za hali halisi zilizoteuliwa pamoja mwaka mmoja, ila mwaka wenyewe nikauficha. Enron: The Smartest Guys in the Room, habari za kampuni ya Marekani iliyochezea mahesabu mpaka ikaporomoka. Murderball, vijana wa viti vya magurudumu wanaogongana kwenye raga. Street Fight, uchaguzi wa umeya wa mji wa Newark mwaka 2002. March of the Penguins, ndege wa barafuni wasiojua kuruka. Ya tano, Darwin's Nightmare.

"Hii ya Darwin inahusu nini?" mmoja akauliza.

"Inahusu hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa Mwanza. Sangara."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akasema uandishi utanifikisha Mirembe. Aliyewanyamazisha ni mzee mwenye birika. "Si ile Mapanki hiyo?" alisema. "Watu waliandamana hapa kwa ajili yake." Nikamuuliza kama yeye aliiona. Akasema hapana, ila alisikia.

Ndugu msomaji, kama na wewe hukujua kwamba jiji letu la miamba liliwahi kufika kwenye orodha ya Oscar, usione haya. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa sijaanza darasa la kwanza. Filamu ilitengenezwa na Hubert Sauper, Mwaustria, ikatoka mwaka 2004, ikapata tuzo huko Ulaya, na tarehe 31 Januari 2006 ikatajwa kati ya tano. Tuzo zikatolewa tarehe 5 Machi 2006. Wakashinda pengwini. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete akaikemea filamu hadharani, Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga, na mwandishi wa habari Mtanzania aliyeonekana ndani yake akatiwa misukosuko. Huko Ufaransa nako walibishana mpaka wakafikishana mahakamani: mwanahistoria François Garçon aliyeishambulia filamu alipatikana mwaka 2008 na hatia ya kumkashifu Sauper.

Tangu siku ile ya kahawa nimekuwa nikiuliza watu wazima wa mtaani kwetu, na wa Igogo, na wa Mabatini. Wote wana hasira na Mapanki. Katika wote niliowauliza, walioiangalia toka mwanzo mpaka mwisho ni wawili. Wengine wamebeba hasira ya kuazima. Sasa mimi nimeiangalia mara tatu, kwa flashi niliyojaziwa na jamaa anayeuza filamu mjini, mara ya mwisho nikiwa na daftari. Naomba nafasi katika jarida letu nitoe ubashiri wangu wa mwaka 2006, nikiwa nimechelewa miaka ishirini na ushee.

La kwanza litawaudhi wengi. Ningekuwa na kura, ningeipa Mapanki.

Enron ni filamu ya watu werevu wanaoeleza wizi wa watu werevu. Inaeleweka vizuri mno, ikiisha unajua kila kitu na hakuna kinachokusumbua usingizini. Murderball naipenda, ina matusi mazuri. Street Fight ndiyo iliyonibana zaidi, kwa sababu yule Marshall Curry anafukuzwa kwenye mikutano ya meya, anasukumwa, kesho anarudi tena na kamera yake. Kijana yeyote anayetaka kuandika aitafute. Lakini Mapanki inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa letu, halafu tuko kwenye mnara wa kuongozea ndege na mtu anahangaika kuua mdudu kwenye kioo, na hujaambiwa neno lolote lakini tayari unajua kuna kitu hakiko sawa. Hakuna msimulizi. Kuna mabaki ya ndege zilizoanguka pembeni ya uwanja. Kuna lile dege la Ilyushin linapakiwa minofu mpaka unajiuliza litanyanyukaje. Huo ni ufundi, bwana, tusidanganyane. Mtu akikupiga ngumi nzuri, kubali kwamba ni nzuri, ndipo ujue namna ya kuirudisha.

Na pale tulipolalamikia, pamoja na hasira zetu, tulilalamikia vibaya.

Tulilalamika kuhusu silaha. Hapo nakubali tulikuwa na hoja. Filamu inarudia swali lile lile kwa marubani: ndege zinakuja na nini kabla ya kupakia samaki? Haioneshi bunduki hata moja ikishushwa Mwanza. Kuna Mrusi mmoja anaungama kwamba alipeleka vifaru Angola, kisha akarudi Ulaya na zabibu alizozipakia Johannesburg. Maungamo mazito, ila ni ya Angola na Johannesburg. Sauper anamwachia mtazamaji aunganishe mwenyewe, na mtazamaji aliyekaa Vienna au Paris akishaona giza, uwanja wa ndege na Mwafrika, kuunganisha hakumpi taabu.

Lakini kelele kubwa ilikuwa kuhusu mapanki. Eti hatuli. Eti yale ni chakula cha kuku na nguruwe. Jamani! Mapanki ni nini? Sangara akishachunwa minofu kiwandani, kinachobaki, kichwa, mfupa wa mgongo, mkia na vinyama vilivyong'ang'ania mfupani, ndiyo mapanki. Minofu inapanda ndege. Mama yangu alikuwa anakaanga mapanki Igogo. Karai, mafiga matatu, na watu wamepanga mstari: vibarua, wapiga debe, wanafunzi, hata makarani waliojifanya wanamnunulia mbwa. Mimi nimesomeshwa na mapanki mpaka kidato cha nne. Kichwa cha sangara kilichokaangwa vizuri, shavu lake lile, nikupe leo uniambie ni uchafu! Anayesema hatukuyala anamwita mama yangu mwongo. Na anayesema tuliyala kama mbwa wanavyofukua jalala, kama filamu inavyoonesha kwa wale funza na matope, naye anamwita hivyo hivyo. Funza walikuwepo, sikatai, pale yanapoanikwa. Tulikuwa tunakula mifupa kwa sababu nyama ilikuwa imetupita kwa bei, hilo nalo sikatai. Lakini katika dakika zote zile hakuna anayemuuliza mama mmoja bei, au anachanganya viungo gani, au watoto wake wanasoma wapi.

Baada ya yale maandamano, dada yake mama alimwambia aache kutaja neno lile. Sema samaki wa kukaanga, alimwambia, maana watu wa serikali wanapita. Mama akaanza kuita "samaki, samaki wa kukaanga," na wateja wakawa wanamuuliza, "Mama, leo mapanki hakuna?" Hilo ndilo nililolikumbuka niliposikia zile hotuba za heshima ya nchi.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe la filamu, ambalo katika miaka yote hii sijamsikia mtu akilitaja huku kwetu. Ni lugha.

Angalia tena ukiwa na daftari kama mimi. Wale tunaokaa nao muda mrefu, mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale, na dada anayeambatana na marubani, wanaongea na kamera kwa Kiingereza. Kiingereza cha kuokoteza. Mlinzi anatafuta neno, halipati, anachukua jingine lililo jirani. Marubani wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanaachiwa Kirusi chao, na maandishi chini ya picha. Wanataniana, wanakumbuka kwao, wanakuwa watu. Mlinzi wetu angeachiwa Kiswahili, au lugha ya mama yake, mngesikia mambo mengine kabisa! Mnawajua walinzi wa usiku wa Mwanza. Wale ndio wanafalsafa wa mji huu. Anaweza kukushika kwa hadithi moja kuanzia saa nne usiku mpaka adhana ya alfajiri, akachekesha, akatisha, akakuomba na sigara. Kwenye filamu sentensi zake ni fupi na zinaishia hewani, na mtazamaji wa mbali anadhani fikra zake nazo zinaishia hapo. Mtu ukimfanya aongee lugha ya kuokoteza, anaonekana ana akili ya kuokoteza.

Na yule dada. Anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, tena anaimba vizuri. Filamu inatuambia baadaye kwamba aliuawa. Alichokuwa nacho cha kusema kwa lugha aliyoiota nayo ndoto, hatukusikia. Hilo ndilo lingefaa kuandamaniwa.

Halafu tazama nani katushinda. Pengwini! Filamu ya Luc Jacquet, Mfaransa, ilivuna zaidi ya dola milioni 70 kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kwa hiyo ubashiri ulikuwa rahisi. Hata mimi ningepatia na kashata angenunua mwingine. Lakini sikiliza. Pengwini hawasemi. Wamarekani wakawatafutia Morgan Freeman, sauti nzito ile kama ya babu mwema, awaeleze kwamba hawa nao wanapenda, wanavumilia baridi kwa ajili ya watoto, wanalia. Mtu akatoka ukumbini anamwonea huruma ndege kama ndugu yake. Ndege mla samaki kapewa Morgan Freeman. Mtu mla mifupa ya samaki kaachiwa Kiingereza cha kubahatisha. Sisemi Sauper angeweka msimulizi, angeharibu. Nasema angekaa na mkalimani mzuri mwezi mmoja zaidi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kazi hii. Lufufu aliwatia Wachina na Wamarekani Kiswahili kinywani, na banda zima la Kirumba likalia na watu ambao hatujui hata kwao ni wapi.

Najua jibu linalokuja. Mtaniambia: bwana mdogo, tatizo si lugha, wazungu wanapenda kuona uchafu wetu, basi tuwaoneshe mazuri. Tuoneshe Capri Point, tuoneshe Jiwe la Bismarck jua likizama. Hii ndiyo hoja ninayoichukia kuliko filamu yenyewe.

Usiku ule ule wa tarehe 5 Machi 2006, tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni ilikwenda Afrika Kusini. Tsotsi, ya Gavin Hood, iliyotokana na riwaya ya Athol Fugard. Kuna uzuri gani mle? Kijana jambazi wa kitongoji anampiga mama risasi, anaiba gari, anakuta mtoto mchanga kiti cha nyuma. Damu, kamari, visu, vibanda vya mabati. Hakuna Capri Point. Lakini kila mtu anaongea kama anavyoongea kwao, Kizulu, Kixhosa na lugha yao ya mitaani, na hakuna aliyetoka ukumbini akidhani watu wale hawana akili. Afrika Kusini hawakuandamana. Walisherehekea jambazi.

Na zile zetu? Mwaka huo huo Rachel Weisz alipata Oscar kwa The Constant Gardener, iliyopigwa Kibera na kwingineko Kenya. Riwaya ni ya John le Carré, Mwingereza. Mwaka uliofuata, 2007, Forest Whitaker akapata yake kwa kumwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland; riwaya ni ya Giles Foden, Mwingereza tena. Mnaona mfuatano? Kabla ya kamera kuna kitabu, na kitabu kinaandikwa na mwingine. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, jirani kabisa na hapa tulipokaa, na mamia ya watu. Nimeuliza kwenye vibanda vyote vya vitabu ninavyovijua mjini riwaya yake, wakanipa ramani ya Tanzania.

Msiniambie haiwezekani. Adam Shafi aliandika Vuta N'kuvute, ikatoka 1999, Kiswahili kitupu cha Unguja. Amil Shivji akaifanya filamu, ikaoneshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Haikuingia kwenye tano za mwisho. Kijiweni nilikuwa nimeipigia kura. Kashata nilinunua kwa furaha.

Haya, ubashiri wa mbele. Nauweka kwa maandishi ili mje kunidai. Filamu ya hali halisi itakayofuata kuteuliwa kutoka pande hizi itakuwa na bunduki ndani yake. Mwaka 2008 iliteuliwa War/Dance, watoto wa vita vya kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2015 Virunga, askari wa hifadhi na waasi wa Kongo. Mwaka 2024 Bobi Wine: The People's President, ambayo angalau mmoja wa waongozaji wake, Moses Bwayo, ni Mganda, na hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu, lakini bunduki zimo tena, tena nyingi. Queen of Katwe ya 2016, binti wa kitongoji cha Kampala anayeshinda kwenye sataranji, na Lupita Nyong'o ndani yake, ambaye Oscar alikwisha kuipata tangu 2014, haikuteuliwa hata kwa mavazi. Kwa hiyo nabashiri bunduki, na baada ya bunduki maradhi. Nikikosea, kahawa na kashata za mwaka mzima juu yangu.

Ubashiri wa pili unanihusu mimi, na ndio ulionifanya nichukue kalamu. Nina mswada. Kurasa 212, mkono na baadaye chapa, kazi ya miaka mitatu. Mhusika mkuu ni mwanamke mkaanga mapanki, na mpangaji wake ni mlinzi wa usiku anayeongea bila kukoma. Mwaka jana nilimpelekea mchapishaji mmoja. Alinipokea vizuri, kanipa na soda. Kasema lugha yangu anaipenda. Kisha kasema sura ya nne, ya mapanki, itaturudisha kule kwenye aibu. Niitoe, mwanamke auze vitenge, halafu tuzungumze mkataba. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza. Mkataba, jamani! Nani wetu hapa kwenye kijarida hiki ameuona mkataba kwa macho?

Na niseme ukweli, nilijaribu. Wiki mbili nzima mwanamke wangu aliuza vitenge Makoroboi. Hakuwa na la kusema. Mlinzi naye akanyamaza, maana alikuwa anakuja kwenye lile karai usiku kuota moto na kula mashavu ya samaki, sasa kwenye vitenge akafanye nini? Nikawa nimewafanyia watu wangu kile kile ninachomlaumu Sauper, tena mimi sina hata udhuru wa ugeni.

Nimezirudisha zile kurasa. Mchapishaji nimemwandikia barua. Hajajibu, na nabashiri hatajibu. Mwezi uliopita nilimsomea mama sura ya nne, amekaa mlangoni anachambua dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu. Kisha akaniambia nimekosea mahali pamoja. Nimeandika kwamba yule mwanamke anakwenda dukani kununua mafuta ya kukaangia.

"Mafuta ya nini?" alisema. "Kichwa cha sangara kina mafuta yake. Unakiweka, kinajikaanga chenyewe. Wewe ulikuwa unakula tu."